Mbaazi Mia Moja za Marselino

Marselino Chilumba alizaliwa Newala katika ukoo wa wachongaji wa vinyago, na hilo halikuwa kosa lake. Alipotimiza miaka kumi na miwili, baba yake alimkabidhi kipande kizuri cha mpingo, akamwambia achonge tembo. Baada ya wiki mbili Marselino alileta kazi yake. Baba aliigeuza juu chini, akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza tena, kisha akauliza kwa upole:

"Mnyama huyu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Kwa kuwa ukoo ulikuwa na heshima yake na mpingo ulikuwa na bei, kijana alipelekwa hospitali ya misheni kufagia. Huko ikagundulika kwamba mwenye mikono ile mibovu alikuwa na macho ya ajabu. Mtawa aliyesimamia maabara alimruhusu siku moja achungulie kwenye hadubini, naye akachungulia mpaka chakula cha mchana kikapoa na cha jioni kikaiva. Miaka minane baadaye alikuwa mpima damu kamili, mwenye cheti chenye mhuri na koti jeupe lililomfika magotini.

Mwaka wa Azimio la Arusha alihamia Dar es Salaam, akapangiwa zahanati ndogo ya Keko, nyuma ya karakana za maseremala. Maabara yake ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mifagio. Alikabidhiwa hadubini moja yenye kioo cha kunasia mwanga wa jua, chupa mbili za rangi ya zambarau, na mashine ndogo ya kuhesabia yenye vifungo vitano. Vitatu kati ya hivyo vilikuwa vimekwama tangu enzi za mkoloni. Marselino aliandika barua kuomba mashine mpya. Akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Mwaka uliofuata aliandika tena, akajibiwa kwamba kwa kuwa barua yake ya kwanza inashughulikiwa, ya pili haikuwa ya lazima.

Inafaa kueleza alichokuwa akihesabu, maana mtaani walidhani anahesabu wadudu.

Katika damu ya kila mtu, awe waziri au muuza karanga, zimo chembe nyeupe za aina tano, na kazi yao ni ulinzi. Aina mbili ndizo nyingi kuliko nyingine. Za kwanza zina kiini kilichokatikakatika kama fundo la kamba. Marselino aliziita vifundo. Za pili zina kiini kimoja cha mviringo; hizo aliziita viduara. Bakteria wakivamia mwili, aghalabu vifundo hufurika kama watu waliosikia sukari imefika dukani. Virusi wakivamia, aghalabu ni viduara vinavyoongezeka. Homa inaweza kuwa ile ile, jasho lile lile, na mgonjwa akalalamika kwa maneno yale yale, lakini ukipaka tone la damu kwenye kioo, ukalitia rangi na kuhesabu chembe mia moja, unaona ni mlinzi gani aliyeamshwa, na hivyo unakisia mwizi ni nani. Marselino hakudai kwamba hesabu yake ni msahafu. Mganga bado alipaswa kusikiliza kifua na kutazama koo. Lakini alisema kwamba kumpiga mwenye virusi sindano ya penisilini ni sawa na kumfukuza mbu kwa randa: mbu haumii, na ubao unaharibika.

Mashine ilipokufa kabisa, vifungo vyote vitano, rafiki yake Albano alimwokoa. Albano alikuwa seremala wa vitanda, mtu wa Newala vilevile, na mcheza bao aliyeogopwa kuanzia Keko hadi Chang'ombe. Alimtengenezea ubao wa bao wa mninga, wenye mashimo thelathini na mawili kama desturi inavyotaka.

"Mie nahitaji mashimo matano tu," Marselino alisema.

"Ubao wa mashimo matano ni sahani," alijibu Albano. "Siwezi kutia mkono wangu kwenye aibu hiyo."

Basi Marselino akatumia mashimo matano ya mwanzo katika safu moja na kuyaacha mengine yakae bure. Alihesabu mbaazi kavu mia moja, akazitia kwenye kikombe. Jicho likiwa kwenye hadubini, mkono wa kushoto ulidondosha mbaazi: kifundo, shimo la kwanza; kiduara, shimo la pili; na zile aina tatu chache, shimo la tatu, la nne na la tano. Kikombe kikiisha, chembe mia zimetimia. Hapo ndipo anapohesabu kila shimo na kuandika daftarini. Mkaguzi mmoja alipita, akaona ubao, akaandika katika ripoti yake: "Mtumishi huyu hucheza bao saa za kazi, tena anacheza peke yake, na bado hashindi."

Sehemu ya mwisho ilimuuma Marselino, maana ilikuwa kweli. Katika bao halisi, pale barazani kwa Albano, alikuwa hajawahi kushinda hata mara moja.

Siku hizo kila mwenye homa alitaka sindano. Vidonge vilionekana ni dharau. Mtu alitoka nyumbani na shati safi, akasubiri kutwa nzima, halafu umwambie akanywe maji na apumzike? Matokeo yake penisilini ya mwezi iliisha kabla ya tarehe kumi, na wenye vichomi na majipu ya kweli wakakuta makopo matupu. Marselino alilalamika mpaka Bwana Adelard, mganga wa zahanati, akachoka. Adelard alikuwa mtu wa Bukoba, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na aliyependa utaratibu kuliko alivyopenda watu. Mwezi wa nane mwaka 1975 alibandika tangazo mlangoni: HOMA ISIYOELEWEKA: HAKUNA NAMBA, HAKUNA SINDANO. Maneno yalikuwa ya Marselino mwenyewe. Aliyasoma kila asubuhi akipita, akatabasamu kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, mafua makali yaliikumba Keko. Karakana nzima zilikohoa. Jumatano moja zahanati ilikuwa imebakiwa na chupa sita za penisilini, yaani dozi ya mgonjwa mmoja kwa siku tatu, na nyingine zisingefika kabla ya Jumamosi.

Saa nane mchana akaingia Ndugu Kamugisha, Mwenyekiti wa Kamati ya Zahanati, mtu mpana ambaye sahihi yake ndiyo iliyoidhinisha maombi yote ya dawa. Alikuwa ameviringisha taulo shingoni na alitembea kama anayekwenda kuzikwa.

"Bwana Mganga," alisema, "naondoka duniani. Nipige sindano."

Adelard alimtazama koo, akamsikiliza kifua. "Ni haya mafua ya mtaa, Mwenyekiti."

"Ya mtaa ni ya watu wa mtaa. Haya yangu ni mazito."

Utaratibu ulikuwa utaratibu. Alitobolewa kidole, akapiga ukelele uliosimamisha misumeno karakana ya jirani. Marselino alihesabu: vifundo arobaini na moja, viduara hamsini na moja. Akaandika daftarini. Virusi, kwa kadiri ya ushahidi. Mwenyekiti alikalishwa kwenye benchi la Adelard akasubiri maamuzi, huku akihesabu kwa macho chupa sita zilizokuwa kabatini.

Hapo akafika Mauwa, mdogo wake Albano, aliyekuwa akiuza mbaazi za nazi na maandazi asubuhi mbele ya karakana. Alimbeba mgongoni bintiye Eufrazia, wa miaka tisa, mtoto mkubwa wa kutosha kuona aibu ya kubebwa, lakini siku hiyo hakuona. Homa ilikuwa ya siku mbili. Kikohozi kidogo, kichwa, baridi. Albano alifuata nyuma akiwa na vumbi la mbao nywelini.

Adelard alimpima. Dalili za malaria hakuona. Kifua, alisikiliza mara mbili, hakusikia kitu cha kuapia. "Anafanana na wote," alisema. "Lakini apimwe."

"Kaka Marselino," Mauwa alisema mlangoni pa maabara, "huyu si kama wale wengine. Mie namjua. Huyu akiugua mafua huwa anadai chai. Tangu jana hajadai kitu."

Marselino alichukua tone la damu, akalipaka, akalitia rangi, akasubiri likauke. Albano aliomba kukaa ndani kwenye kiti cha pembeni, akaruhusiwa kwa sharti la kunyamaza. Mauwa alibaki nje barazani na mtoto. Wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa Kurasini, na hadubini ile bila jua ilikuwa bomba tu. Kwa hiyo Marselino alifanya kazi haraka. Kifundo. Kifundo. Kifundo. Kiduara. Kifundo. Mkono wa kushoto ulidondosha mbaazi, na shimo la kwanza likajaa mpaka likawa kichuguu. Albano alitazama kichuguu hicho kama mcheza bao anavyotazama nyumba, shimo lile lenye kete nyingi kuliko yote.

Mbaazi ya mwisho ilipoanguka, Mauwa alipiga kelele nje. Eufrazia alikuwa ametapika na kuanguka kutoka kwenye benchi. Marselino aliruka akatoka bila kuhesabu mashimo. Walimnyanyua mtoto, wakamlaza kwenye kitanda cha chumba cha mganga, wakamwekea kitambaa cha maji. Ilichukua dakika tano, labda sita.

Dakika sita ni nyingi sana kwa mcheza bao.

Marselino aliporudi, alimkuta Albano ameinama juu ya ubao, mkono wa kulia hewani, mbaazi chache zimebaki kiganjani. Kichuguu hakikuwepo. Mbaazi zilikuwa zimeenea safu zote mbili za mbele yake, kila shimo na fungu lake.

"Albano," Marselino alisema polepole. "Umefanya nini?"

Albano alitazama kiganja chake kama cha mtu mwingine. "Nilitaka kuzicheza mara moja tu," alisema.

"Mara moja?"

"Mara ya kwanza haikulala, mbaazi ya mwisho ikaangukia penye wenzake. Nikaokota. Ya pili nayo haikulala. Mwenzangu, nyumba yenye mali kama ile mtu anaiachaje? Mie ni binadamu."

"Hiyo mali ni damu ya mpwa wako!"

Albano akakaa chini. 

Marselino alikimbilia hadubini. Wingu lilikuwa limefika. Kwenye kioo hakuonekana hata kivuli. Nje, matone ya kwanza yaligonga mabati, kisha mvua ikamwagika yote kwa pamoja. Akaenda kwa Adelard.

"Vifundo ni vingi mno, Bwana Mganga. Nimeviona kwa macho yangu. Mpe mtoto sindano."

"Vingapi?"

"Vingi."

"Vingi si namba," Adelard alisema, na kwa mkono akaonyesha mlango, lilipokuwa tangazo. Hakuwa mkatili. Kabatini kwake alikuwa na dozi moja, na benchini alikuwa na Mwenyekiti. "Leta namba, Marselino. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mwenyekiti Kamugisha alikohoa kuomba nafasi ya kuzungumza, kama mkutanoni. "Mie nina arobaini na moja," alisema. "Imeandikwa. Mtoto ana ngapi?"

"Hana bado," Adelard alijibu.

"Hana kitu. Mie nina arobaini na moja. Sasa kati ya arobaini na moja na sifuri, nyie wasomi, ipi kubwa?"

Mauwa aliinua uso. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kitambaa mkononi. "Shikamoo, Mwenyekiti," alisema, na kwa sauti yake hiyo salamu haikuwa salamu. "Ukimaliza hesabu zako, nisogezee hiyo ndoo."

Mwenyekiti alisogeza ndoo.

Marselino alirudi stoo ya mifagio. Albano alikuwa bado sakafuni, lakini macho yake yalikuwa juu ya ubao na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Naweza kuzirudisha," alisema.

"Kuzirudisha wapi?"

"Nyuma. Mie nikicheza naukumbuka mchezo wote. Juzi si nilikuonyesha pale ulipofungwa Jumapili, kete kwa kete?"

"Ulinionyesha ili kunidhalilisha."

"Basi leo si kwa kukudhalilisha. Nilianzia shimo la kwanza, nikaenda kulia. Nikaokota pale, nikaokota na pale. Hizi mkononi ni za tatu. Nilikuwa nimeshapanda mbili tu ulipoingia." Akafumba macho, akafumbua. "Nipishe."

Adelard alikuja akasimama mlangoni, maana penye mvua na ugomvi hakuna mganga anayekaa ofisini. Nyuma yake likaja taulo la Mwenyekiti. Albano aliokota mbaazi mbili alizopanda mwisho, akaziunganisha na za kiganjani, akazirudisha zote katika shimo alikozitoa. Kisha akaanza kurudi nyuma, mbaazi moja kila shimo, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayefumua mkeka. Vidole vyake vinene, vilivyozoea tindo na nyundo, viliinua mbaazi moja bila kuigusa ya pili. Mara moja alisimama katikati.

"Vipi?" Marselino aliuliza.

"Nyamaza. Hapa ndipo nilipookota mara ya kwanza."

Akaendelea. Mashimo ya nyuma yakaanza kuwa matupu, moja baada ya jingine. Shimo la sita likaisha. La saba lilikuwa limeshaisha. Kichuguu kikaota upya katika shimo la kwanza, na mbaazi ya mwisho ikaanguka juu yake.

"Huu ni mchezo wa bao," Adelard alisema. "Nitaandikaje daftarini kwamba seremala amekumbuka?"

"Usiandike amekumbuka," Marselino alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tazama mashimo. Mie nilitumia matano tu. Kama Albano angekosea hata hatua moja, ingebaki mbaazi mahali ambapo mie sikuiweka: la sita, la kumi, huko nyuma popote. Tafuta, Bwana Mganga. Tafuta hata moja iliyobaki ugenini."

Adelard aliinama. Alikuwa mtu wa utaratibu, na aliona utaratibu pale ubaoni. Alipitisha kidole katika mashimo ishirini na saba, moja moja, kama anayekagua vumbi. Yote matupu. Kisha wakahesabu matano ya mwanzo: themanini na sita, kumi, tatu, moja, na la tano halikuwa na kitu. Jumla mia.

"Themanini na sita," Adelard alisema, akageuka. "Mwenyekiti, kati ya arobaini na moja na themanini na sita, ipi kubwa?"

Mwenyekiti alitazama ubao, akamtazama Albano, akakohoa kikohozi cha kawaida kabisa. "Mie nilisema tangu mwanzo huyu mtoto anaumwa," alisema.

Eufrazia alipigwa sindano ya kwanza saa tisa na nusu, mvua ikiwa bado inanyesha, nyingine jioni, na hivyo hivyo hadi chupa zikaisha. Mvua ilipokatika na jua likatoka kwa dakika chache, Marselino alikipandisha tena kile kioo na kuhesabu mia nyingine: themanini na nne. Aliandika namba zote mbili, moja chini ya nyingine, na kando yake akaandika kwa mwandiko mzuri, "Ya kwanza imechelewa kutokana na mchezaji." Siku ya pili kifua cha mtoto kilianza kusikika upande wa kulia, kichomi halisi, na Adelard akasafisha miwani yake mara tatu. Ijumaa asubuhi homa ilishuka, na mtoto akadai chai.

Mwenyekiti alipewa aspirini na amri ya kulala. Alipona siku ile ile ya Ijumaa, akazunguka mtaani akieleza kwamba alikuwa amemwachia mtoto dozi yake kwa moyo wa kijamaa, na kwamba mtu mwenye arobaini na moja si mtu wa kuchezewa. Kwa wiki kadhaa watu wa Keko waliulizana namba zao vilabuni, na fundi mmoja wa makochi alimpiga mwenzake ngumi kwa kuitwa kiduara.

Jumamosi Albano alileta mfuniko wa mninga wenye bawaba na komeo, akaupigilia misumari kwenye ubao. Jumatatu Mauwa alikuja zahanati na bakuli la mbaazi za nazi na maandazi sita. Albano na Marselino walikaa barazani kula, na Eufrazia, shuka begani, aliketi kati yao akinywa chai yake.

Baada ya muda Mauwa aligundua kwamba Marselino hali. Kwa ncha ya kijiko alikuwa anazipanga mbaazi ukingoni mwa bakuli: zilizopasuka upande mmoja, nzima upande mwingine.

"Kaka," Mauwa alisema, "hizo hazina homa. Nimezichemsha mwenyewe."

"Mwache," Albano alisema mdomo ukiwa umejaa. "Zilizopasuka zimemzidi. Anataka kuzipiga sindano."

Eufrazia aliinama juu ya bakuli, akatazama kwa makini, kisha akanyoosha mkono, akakusanya fungu lote la upande wa kwanza na kulitia mdomoni kwa mkupuo.

"Amekula nyumba!" Albano alipiga kelele, akamwaga chai yake. "Marselino, hata mtoto mgonjwa anakufunga!"